Msiuze mashine kuukuu za boti kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi kidogo niseme na wenye boti, madau na ngalawa za mashine katika pwani yetu, kuanzia Tanga hadi Mtwara, Unguja, Pemba na Mafia, na majirani wa Shimoni na Lamu ambao mashine zao ni hizi hizi. Imekuwa kama ada sasa: mashine ya kuchanganya oili na petroli ikifikisha miaka kumi au kumi na tano na kuanza kusumbua, inashushwa chomboni, inauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kisha mwenyewe anaingia kwenye mkopo wa mashine mpya. Mkopo huo atauhudumia misimu mingi ya samaki. Na mara nyingi mashine aliyoiuza ilikuwa inadai kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja.

Nyingi ya hizi zinazotupwa ni Yamaha Enduro za nguvu za farasi 15 na farasi 40. Ni silinda mbili, plagi mbili, hakuna kompyuta. Mwenye spana za namba 10, 12 na 14, spana ya plagi ya 21, bisibisi mbili na koleo anaweza kuifungua na kuifunga barazani kwake. Narudia: barazani, si jikoni. Petroli na jiko la mkaa havikai nyumba moja.

Kabla hujasema mashine imekufa, pima kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa. Geji yake inauzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari na huazimwa kwa mafundi wa pikipiki. Chomoa mpira wa mafuta, toa klipu ya kamba ya usalama ili moto usitoke, fungua plagi zote mbili, funga geji kwenye tundu la silinda ya juu, zungusha mkono wa mwendo hadi mwisho, kisha vuta kamba mara nne au tano kwa nguvu ileile. Andika namba. Fanya hivyo hivyo silinda ya chini. Usihangaike sana na ukubwa wa namba, kwa kuwa geji hutofautiana, angalia zinavyolingana. Zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna jambo: ringi (pete za pistoni) zimeganda kwa masizi, gasketi ya hedi (kifuniko cha silinda) imevuja, au pistoni imechubuka. Zikilingana vizuri, mara nyingi hiyo mashine ni nzima ndani na ugonjwa wake uko nje, kwenye maji, mafuta au moto. Silinda moja ikiwa dhaifu, usikimbilie kufungua hedi. Mimina vijiko vitatu vinne vya mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo, iache ilale usiku kucha, asubuhi zungusha polepole plagi zikiwa nje, kisha pima tena. Ringi zilizoganda mara nyingine huachia kwa dawa hiyo tu.

Sasa oili, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Kipimo cha kawaida cha mashine hizi ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Dumu la lita 25 linataka mililita 500, ambayo ni chupa ndogo ya maji ya kunywa ikiwa imejaa. Dumu la lita 20 linataka mililita 400. Watu wanatumia chupa ileile kwa madumu yote mawili, na kwenye lile la lita 20 kipimo kinakuwa 40 kwa 1. Wengine wanaongeza kwa makusudi wakiamini oili nyingi ni afya. Oili ikizidi, plagi inalowa, masizi yanajaa kwenye matundu ya kutolea moshi na ringi zinaganda. Kuna lingine ambalo wengi hawalijui: kila tone la oili linalopita kwenye jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima mafuta, limechukua nafasi ya petroli, kwa hiyo silinda inapata petroli pungufu na inachemka zaidi. Mashine iliyowekwa pistoni na ringi mpya ndiyo pekee inayostahili kipimo kizito, 25 kwa 1, kwa saa 10 za mwanzo, bila kuikaza mwendo hadi mwisho. Baada ya hapo irudi 50.

Aina ya oili nayo ni muhimu kama kipimo. Angalia kopo: liandikwe TC-W3. Hiyo ni oili ya mashine zinazopozwa kwa maji, isiyoacha majivu. Oili ya pikipiki za zamani na misumeno ya mbao, hata kama imeandikwa 2T, imetengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa upepo. Ndani ya mashine ya boti majivu yake yanajijenga kichwani mwa pistoni na kwenye ncha ya plagi. Oili ya injini ya gari, ile SAE 40 inayopimwa kwa kikombe dukani, usiiweke kabisa. Wenye maduka ya madikoni, kule vyombo vinakofikia, nawaomba waagize TC-W3 hata kama faida yake ni ndogo.

Namna ya kuchanganya: petroli nusu, oili yote, funga, tikisa, jaza petroli iliyobaki, tikisa tena. Ukimwaga oili kwanza kwenye tangi tupu inakaa chini, bomba linainyonya mwanzoni, halafu mwisho wa safari unakwenda na petroli tupu. Madumu ya njano ya mafuta ya kupikia yaoshwe na kukaushwa juani siku nzima kabla ya kutiwa petroli. Mabaki ya mafuta ya kupikia na matone ya maji ndiyo yanayokutwa chini ya kabureta. Wenye mashine zinazotumia mafuta ya taa, zile zenye herufi K baada ya E kwenye namba yake, wakumbuke kurudi kwenye petroli dakika chache kabla ya kuzima, la sivyo kesho yake kamba itavutwa hadi mkono uchoke.

Nije kwenye maji. Mashine hizi zinapozwa na bahari yenyewe, na kinachovuta maji ni impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, lililokaa juu ya mguu wa mashine, ile sehemu ya chini yenye gia na propela. Maji yanayotoka nyuma kwa mchirizi ndiyo ushahidi wake. Mashine isipokojoa, zima papo hapo. Kwanza chokoa tundu la mkojo kwa kipande cha mshipi mnene wa kuvulia, kwa kuwa mara nyingi ni chumvi au mchanga tu. Ikibaki kimya, mguu unashushwa.

Impela ibadilishwe kila mwaka, iwe imeharibika au haijaharibika. Weka mashine wima kwenye mti imara. Fungua nati inayounganisha fimbo ya gia, kisha bolti za mguu, uvute chini taratibu. Utaona kasha la pampu lenye bolti nne. Inua, toa impela. Mabawa yaliyolala upande mmoja bila kurudi, yaliyopasuka kwenye shina au magumu kama ukucha, hayafai. Kama bawa limekatika, usifunge mpya ukaondoka: tafuta kipande chake, kwa kuwa kimepanda juu na kinakaa kwenye bomba au mlangoni pa thermostati (kilango kinachofunguka kwa joto kupitisha maji), na kitaziba huko huko. Angalia pia bati la chini ya impela na kikombe cha juu. Vikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, nunua seti nzima pamoja na gasketi na kile kifunguo kidogo cha chuma kwenye shafti. Wakati wa kurudisha, paka grisi kidogo ndani ya kikombe, zungusha shafti kufuata saa ukiwa unashusha kasha, ili mabawa yalale upande wake sahihi. Grisi ya kwenye meno ya shafti iwe kwa ubavuni tu; ukiweka kidonge kileleni, shafti haitaingia hadi mwisho na utadhani bolti zimekuwa fupi. Kabla ya kukaza, jaribu gia: mbele, katikati, nyuma.

Kuna wanaotoa thermostati na kuitupa wakisema maji yapite kwa wingi. Katika bahari yetu ya joto mashine haitakufa kwa hilo, lakini ukitembea polepole inabaki baridi, inalowesha plagi na kujaza masizi. Thermostati hukwama kwa chumvi, na chumvi iliyoikwamisha imejaa pia kwenye njia za maji zilizozunguka silinda, kwa hiyo kuitoa hakutibu kitu. Iloweke kwenye siki kwa saa kadhaa, isugue kwa mswaki, kisha itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto. Inapaswa kuanza kufunguka karibu nyuzi 50 na iwe wazi kabisa kufikia 60. Isipofunguka, nunua nyingine.

Chumvi hii inazuilika kwa pipa. Pipa la lita 200 lililokatwa kiasi, maji baridi, mashine imening'inizwa kwenye mti, propela imetolewa, maji yamefunika lile bawa pana lililo juu ya propela. Washa, iache iungurume polepole dakika 10, kwa maana ndani ya dakika mbili za mwanzo thermostati haijafunguka na maji matamu hayajafika kwenye silinda. Dakika ya mwisho chomoa mpira wa mafuta, izime yenyewe kwa kuishiwa. Hapo na kabureta imekauka. Kamwe usiiwashe nchi kavu hata kwa kujaribu sauti, kwa kuwa impela bila maji huungua kwa sekunde chache. Najua visiwani maji matamu ni ghali. Maji yaleyale ya pipa yanatumika siku kadhaa. Yaonje, yakishakuwa na ladha ya chumvi yamwage. Naomba kamati za BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, na wanaogawa boti za mkopo waliweke pipa hili kwenye kila diko, pamoja na chupa ya kupimia oili yenye mistari. Pipa moja linatosha diko zima, na chombo kinachorudi alfajiri kinangoja zamu robo saa tu.

Mguu una mambo yake mengine mawili. La kwanza ni mshipi. Nailoni ya nyavu na mishipi inajiviringisha nyuma ya propela, inayeyuka kwa joto na kukata sili ya shafti, ule mpira unaozuia maji kuingia. Propela itolewe kila mwezi, shafti isafishwe, ipakwe grisi ya baharini, pini mpya ya kugawanyika iwekwe. La pili ni oili ya gia, SAE 90 ya gia, ambayo farasi 15 huchukua kiasi cha robo lita. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, iache itoke kwenye bakuli jeupe. Ikiwa nyeusi lakini safi, hakuna neno. Ikiwa kama maziwa ya chai, maji yameingia na sili zimekwisha. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni gia au beringi inayovunjika. Oili mpya iingizwe kutokea chini hadi imwagike juu. Funga skrubu ya juu kwanza, ndipo uondoe bomba na kufunga ya chini haraka. Ukijaza kutokea juu, hewa inabaki ndani. Pete (washa) za skrubu zibadilishwe, zile za zamani huvuja.

Kile kipande cha zinki chini ya bawa nacho watu wanakipaka rangi ili kipendeze. Kikipakwa rangi hakifanyi kazi. Kimewekwa kiliwe na chumvi badala ya mguu, na kikibaki nusu kibadilishwe. Vilevile rangi yenye shaba inayopakwa chini ya madau isiguse mguu wa mashine hata kidogo, kwa kuwa shaba na aluminiamu ndani ya maji ya chumvi hazipatani, na aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Mashine inayowaka vizuri kisha inakufa ikikazwa mwendo, isikufanye ufungue kabureta kwanza. Mwambie mwenzako abinye ule mpira wa mafuta wenye tumbo wakati mashine inakimbia. Ikipata nguvu, kiwambo cha pampu ya mafuta kimekakamaa au kimetoboka. Ni bolti chache, dakika ishirini za kazi. Mpira ukijikunja na kulala bapa, tangi halipati hewa: fungua tundu la kifuniko, au safisha kichujio ndani ya tangi. Mpira usipokuwa mgumu hata ukibinywa mara nyingi, pete za mpira kwenye viungio zinapitisha hewa.

Haya yote yakiwa sawa, ndipo kabureta. Hesabu mizunguko ya skrubu ya hewa hadi ikae chini, iandike, ndipo uitoe, itarudi palepale. Unga mweupe au wa kijani ndani ya bakuli ni maji ya chumvi yaliyokaukia humo. Jeti isichokonolewe kwa waya. Shaba ni laini, tundu likipanuka mashine inakula mafuta na hakuna marekebisho yatakayoirudisha. Tumia uzi mmoja wa mshipi mwembamba, kisha pampu ya kujazia upepo.

Plagi inasema mengi kwa rangi yake. Kahawia ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu ni oili nyingi au moto hafifu. Nyeupe kavu ni petroli pungufu, au hewa inaingia mahali. Moja ikiwa imesafishika kama imeoshwa na mwenzake ina rangi ya kawaida, maji yanapenya kwenye silinda hiyo kupitia gasketi ya hedi. Ukinunua, soma namba nzima: B7HS-10 ya NGK ina pengo la milimita 1.0, na ile B7HS isiyo na 10 ina pengo dogo zaidi ingawa inaingia kwenye tundu lilelile. Fuata kilichoandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha mashine yako. Na moto ukikosekana kabisa, kabla ya kununua koili, safisha kwa msasa waya wa ethi unaofungwa kwenye bloki, kisha jaribu ukiwa umetoa waya za swichi ya kuzimia. Swichi iliyoingia chumvi huzima mashine nzima isiyo na kosa lolote.

Nimalizie na mashine iliyozama, maana hii ndiyo inayouzwa kwa kilo haraka kuliko zote, na ndiyo inayookoka kama mwenyewe atawahi. Chumvi haiharibu sana ikiwa majini. Uharibifu unaanza inapotolewa na kukutana na hewa. Kwa hiyo kama hujawa tayari na vifaa, iache ndani ya maji, na yakiwa maji matamu ya pipa ni bora zaidi. Ukishaanza, usisimame. Mwagia maji matamu nje na ndani ya kifuniko. Toa plagi, laza mashine matundu ya plagi yakitazama chini, zungusha flaiwili (gurudumu zito la juu) kwa mkono, polepole, hadi maji yakome. Usivute kamba kwa nguvu plagi zikiwa zimefungwa: maji hayagandamiziki, konrodi, ile fimbo ya pistoni, ndiyo itakayopinda. Ukihisi inakwaruza, kuna mchanga, na ikiwa ilizama ikiwa inazunguka kwa kasi na sasa haizunguki sawasawa, acha hapo. Hiyo ifunguliwe yote. Ikizunguka laini, mimina spiriti kwenye kila silinda na mdomoni mwa kabureta, zungusha, imwage. Spiriti inayabeba maji yaliyojificha kwenye beringi. Mwaga bakuli la kabureta na mafuta yote ya tangi. Kausha koili na viungio vya waya. Weka oili ya TC-W3 kijiko kimoja kila silinda, zungusha, funga plagi kavu, tia mafuta mapya, washa kwenye pipa na uiache ifanye kazi angalau nusu saa ipate joto la kukausha kila pembe. Yote haya yafanyike ndani ya saa tatu tangu itoke majini. Ikikataa kuwaka, isiachwe hivyo hadi kesho: jaza oili ndani ya silinda na kupitia kabureta hadi ifurike, au irudishe kwenye pipa la maji matamu izame yote, ikae humo mpaka fundi afike.

Wako,
Fundi wa mashine za boti,
Kilindoni, Mafia.